Nyanya za Bondeni

Jumanne, tarehe 4 Machi
Leo somo la mafuriko, watu thelathini. Mara ya nne nawaambia: bondeni hapalimwi tena, mto ukija haubishi hodi. Wote wameitikia. Wasikivu mno. Tangu mwaka jana bonde zima ni nyasi, isipokuwa kipande kimoja nyuma ya matete. Nyanya zangu! Miche mia nne, udongo mweusi, hazijui mbolea ya dukani. Bwana shamba kulima alikokataza? Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu mganga nyumba yake inavuja. Nimemwahidi mama watoto mabati mapya kabla ya mvua kubwa. Kwa sasa tunalala na beseni katikati yetu. Zimebaki wiki mbili nikavune.

Alhamisi, tarehe 6
Balaa. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima ameziona. Mama huyu ndiye mwanafunzi wangu bora, na simpendi. Huandika kila nisemalo, hata nikikohoa. Alikuwa akitafuta mbuzi wake, akatokea matetini, akanikuta nimechuchumaa na ndoo ya maji. Akauliza, kwa adabu zote, hizi nyanya ni za nani. Ningesema za shemeji, yangekwisha. Mdomo ukajibu wenyewe kwamba hili ni shamba darasa, nimelipanda makusudi ili wakulima waone kwa macho yao hasara ya kulima bondeni. Akatoa daftari. Akaandika. Akasema, "Mwalimu, hapo umefikiri." Nimerudi nyumbani kifua mbele. Nina kipaji.

Ijumaa, tarehe 7
Kipaji gani. Nimekuta kibao kimechomekwa katikati ya nyanya: SHAMBA LA HASARA. MSIGUSE. Mwandiko wake kabisa. Na wamepanga zamu za ulinzi, mtu asichume akaharibu somo. Zamu ya leo ni bibi mmoja mwenye fimbo. Nilitaka kuchuma mbili tu za kuonja. Fimbo ikanipata mkononi kabla sijajitambulisha. Nikajitambulisha, ikanipata tena.

Jumamosi, tarehe 8
Ujumbe kutoka makao makuu: mvua kubwa milimani, mto utafurika kesho mchana, toa tahadhari. Nyanya ndiyo kwanza zinapata wekundu mashavuni. Zikichumwa leo zitaivia nyumbani! Nimepiga kengele. Haikupita nusu saa, kijiji kizima kiko shuleni kilimani: wazee mbele, mbegu kwenye ndoo zenye vifuniko, vyeti vya watoto ndani ya mifuko ya plastiki, mbuzi kwa kamba. Kama nilivyowafundisha, neno kwa neno. Inaudhi. Nikashauri tushuke haraka tuvune shamba darasa. Mwenyekiti akafungua daftari, akanisomea maneno yangu ya Alhamisi. Akaendelea na kanuni ya tano, nayo yangu: tahadhari ikishatolewa, hakuna kurudi bondeni kuokoa mali. Nikamwambia mimi ni mtaalamu. Bibi akainua fimbo.

Jumapili, tarehe 9
Mto umefika saa nane mchana. Hajaumia mtu, hata kuku hajapotea. Kikundi kizima kimesimama kilimani na madaftari. Nyanya zimeondoka mstari kwa mstari, na kila mstari ukienda wanapiga makofi. Mwenyekiti akanisogelea. Akaniambia taratibu kwamba siku zote aliona naongea tu, na alikuwa amekwisha andaa mahindi ya kupanda bondeni wiki hii, yeye na wanawe, sasa hathubutu. Machozi yakanitoka. Akadhani nimeguswa na maneno yake, akanipa kitambaa chake. Mama watoto hakudhani chochote. Ameongeza beseni la pili.

Jumanne, tarehe 11
Mkuu wangu amekuja kunipongeza mbele ya watu. Amesema hajawahi kuona afisa ugani anayejitoa kiasi hiki kwa ajili ya somo. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Alipoondoka nimeshuka bondeni peke yangu kuomboleza. Mto umeacha tope jipya, jeusi, laini, linafika kifundo cha mguu. Miaka kumi na tisa ya kazi, sijashika udongo kama huu. Na mafuriko mara mbili kwa mwaka mmoja, nani amewahi kusikia? Mama watoto nimemwambia mabati ni mwezi wa sita, bila kukosa. Nyanya zilikuwa kosa, nakiri. Zinasimama, zinaonekana. Matikiti hutambaa chini. Mbegu nimekwisha loweka.