Nilivyowapeleka Wakaguzi wa Utafiti Kuvua Visubi Ikombe

Jamani, leo nimeaibika. Tena si aibu ya kuteleza sokoni, ukainuka ukajifuta tope yakaisha. Nimeaibika mbele ya serikali, mchana kweupe, nikiwa nimeshika wavu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Atupele, mzaliwa wa Katumba Songwe, mtoto wa wakulima wa mpunga na kokoa. Nimesoma elimu ya viumbe mpaka mama akaacha kuuliza nitamaliza lini. Mwaka wa pili sasa naishi Matema, natafiti visubi wa ziwani. Ndiyo, visubi! Wale wadudu wadogo wasiouma, wanaotoka majini siku moja moja kwa wingi usiohesabika, wakapanda juu kama wingu la moshi. Ukiwaona kwa mbali utasema ziwa linaungua. Watu wa mwambao huu wanawanasa, wanawafinyanga kama kitumbua, wanawakausha na kuwala. Mimi ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu: wanajuaje siku ya kutoka? Wako chini kabisa gizani, hawana kalenda, hawana simu, halafu asubuhi moja wote wanaamka pamoja!

"Ukishajua, utawaua?" mama mwenye nyumba wangu aliniuliza nilipohamia.

"Hapana, mama."

"Utawauza?"

"Hapana. Nataka kujua tu."

Alinitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo ananiongezea ndizi kwenye sahani.

Sasa, upo mfuko wa serikali unaogharimia tafiti, na ndani yake kuna fungu dogo la watu wa aina yangu. Wanauita utafiti wa msingi wa sayansi ya viumbe. Maana yake ni utafiti usiotoa dawa wala mbegu, wa kutaka kujua tu viumbe wanaishije. Niliandika ombi. Likapita mchujo wa kwanza. (Nililia. Nikampigia mama. Naye akalia, halafu akauliza, "Kwa hiyo umepata kazi?") Hatua iliyobaki ilikuwa jopo kuja kumwona mwombaji hapa hapa anapofanyia kazi. Nikipita, nina miaka mitatu ya utafiti. Nisipopita, mkataba wangu na chuo unaisha, narudi nyumbani kuanika kokoa na digrii zangu mbili.

Siku ya ugeni niliichagua mwenyewe. Nilipiga hesabu za mwezi na joto la maji, zikanionyesha kwamba visubi wangetoka leo asubuhi. Nikaliandikia jopo barua: "Mtawashuhudia kwa macho yenu." Hivyo hivyo! Bila "huenda". Bila "Mungu akipenda". Mama yangu angeiona ile barua angenichapa.

Saa mbili wageni wakafika ufukweni. Walikuwa wawili. Kiongozi wa jopo alikuwa Profesa, mama wa makamo, mpole, mwenye kofia pana na daftari dogo. Mwenzake alikuwa afisa wa mfuko, kijana mwenye suti na viatu vyeusi vinavyong'aa mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Jina lake alilitaja lakini mimi nilibaki na viatu. Kwa hiyo hapa tutamwita Bwana Viatu.

"Mugonile!" niliwasalimu Kinyakyusa, ili wajue mimi ni mwenyeji halisi.

"Ndaga!" Profesa akajibu. Kumbe aliwahi kufundisha Tukuyu. Roho yangu ikatulia.

Tukakaa. Tukatazama ziwa. Ziwa nalo likatutazama.

Saa mbili na nusu, hakuna kitu. Saa tatu, hakuna kitu. Maji yametulia kama uji uliopoa. Kaka Ambele, mwenye boti niliyoikodi, akalala ndani ya boti yake, kofia usoni. Bwana Viatu akafungua faili.

"Dada Atupele," akasema, "naomba unieleweshe. Mwananchi wa kawaida anafaidika vipi na kujua kwamba mdudu ametoka?"

Hilo swali nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Nikasimama. Nikaeleza kwamba samaki wanakula visubi, na watu wanakula samaki, na kwamba huwezi kulinda usichokijua. Nikasema kila dawa unayoiona leo ilianza na mtu mmoja aliyeuliza swali ambalo majirani zake waliliona la kipuuzi. Nilisema vizuri jamani! Profesa aliandika mistari mitatu mizima.

Na hapo hapo, katikati ya maneno yangu matamu, nikaona!

Kule upande wa kijiji cha Ikombe, nyuma ya ncha ya mlima inayoingia ziwani, wingu lilikuwa linapanda. La kijivu. Limesimama kama nguzo, juu linapinda kuelekea katikati ya ziwa. Moyo ukanipasuka. Wametoka! Wangu! Kwa hesabu zangu!

"Wale!" nikapiga kelele. "Wale pale! Visubi!"

Bwana Viatu akakinga macho kwa faili. "Ule si moshi?"

Ndugu zangu, mngenisikia nilivyocheka. Nilicheka kile kicheko cha wasomi, cha puani.

"Afisa," nikamwambia, "ndivyo kila asiye mtaalamu anavyodhani. Hata wasafiri wa zamani walidanganyika. Jicho linahitaji mafunzo." (Nilisema "mafunzo" nikagusa kope yangu kwa kidole. Nikikumbuka nataka kujizika.)

Ambele alikuwa ameshaamka. Akatazama lile wingu, akanitazama mimi. "Dada, ule nadhani ni..."

"Kaka Ambele, washa injini!"

Ukitaka kuwanasa visubi, lazima uwahi kabla hawajatawanyika. Nikagawa vifaa mbio mbio. Kila mtu wavu wenye mpini mrefu. Kila mtu miwani ya plastiki. Kitambaa cha kufunga pua na mdomo, maana wanaingia mpaka kooni. Kitambaa cha Bwana Viatu sikukiona kwenye begi, nikamfunga khanga yangu kichwa kizima, yakabaki macho tu. Akapanda boti amebeba viatu vyake mkononi kama mtoto mchanga. Tungekutana na mtu angedhani tunakwenda kuiba mizinga ya nyuki.

Njiani Ambele alijaribu tena. "Dada, leo kule ng'ambo akina mama wana..."

"Kaka, ongeza mwendo, wanapotea!"

Akaongeza mwendo. Maskini, mtu wa watu yule.

Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu, kwa hiyo hatukusikia harufu yoyote mpaka tulipozunguka ncha ya mlima. Hapo wingu likawa mbele yetu kabisa, zito, limefunika ufukwe wote, huoni nyumba wala mti. Ndipo Bwana Viatu akaongea ndani ya khanga.

"Nasikia kama harufu ya majani yanayoungua."

Sasa hapa, wapendwa, Mungu alinipa nafasi ya mwisho ya kujiokoa. Mimi nikafanya nini?

"Ndiyo harufu yao," nikajibu. "Wakiwa wengi wanakuwa na harufu hiyo."

Nilijibu bila kupepesa! Sijui nilitoa wapi. Profesa aliinua macho kutoka kwenye daftari, akanitazama kidogo, akayarudisha.

Boti ikagusa mchanga. Nikaruka wa kwanza, maji mpaka magotini, nikaingia ndani ya wingu nikipunga wavu kulia na kushoto. "Pungeni! Pungeni juu!" Bwana Viatu naye akaruka na suti yake, akapunga kwa nguvu zote, kwa uzalendo. Macho yalikuwa yanatutoka machozi. Tulikuwa tunakohoa kama injini ya trekta kuukuu. Nikachungulia ndani ya wavu wangu nikaona vitu vidogo vyeusi vimenasa.

"Tayari!" nikapaza sauti nikiwa nimeuinua wavu juu kama kikombe cha ushindi. "Profesa, tunao!"

Ikaja sauti kutoka ndani ya wingu. Sauti ya mwanamke, tulivu kabisa.

"Nyie watu. Mnavua nini kwenye moshi wangu?"

Upepo ukageuka kidogo. Wingu likafunguka.

Mbele yangu, hatua nne hivi, kulikuwa na tanuru la nyasi na kuni, na ndani yake vyungu. Vyungu vingi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vinachomwa. Nyuma ya vyungu wamekaa akina mama kama kumi na wawili wa Ikombe, wafinyanzi, kila mmoja amesimamisha mkono hewani na kazi yake. Wanatutazama. Wanatazama miwani. Wanatazama wavu wangu uliojaa majivu. Wanamtazama Bwana Viatu na khanga yake, ambayo, naomba radhi, ilikuwa imeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge".

Kuni zikalia pa!

Halafu mama mmoja akaanza. Hakucheka, aliporomoka. Alilala chini kabisa juu ya udongo wake. Wengine wakafuata. Mmoja alikumbatia chungu kibichi kwa kicheko mpaka kikabonyea, akazidi kucheka kwa sababu kimebonyea.

Mwenye moshi, anaitwa Mama Sekela, ndiye pekee aliyejikaza. "Mwanangu," akaniuliza, "wewe si ndiye yule wa Matema anayesomea wadudu?"

"Ndiye, mama."

"Visubi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona wametoka jana?"

"Jana?"

"Jana asubuhi. Wengi ajabu! Kule kwenu Matema pia wameonekana. Hukuwaona?"

Jana asubuhi. Jana asubuhi mimi nilikuwa Kyela mjini, saluni, nasuka nywele ili jopo lisinidharau. Nimekaa saa tano kwenye kiti, shingo imepinda, huku kiumbe niliyemsubiri tangu mwezi uliopita anapita na ukoo wake wote. Na niliporudi jioni sikumuuliza mtu. Nimwulize nani? Mimi nina hesabu!

Nikamgeukia Profesa. Nilitaka kusema kitu cha kisayansi. Kikatoka kikohozi.

Profesa alikuwa ameshuka polepole kwenye boti, hana wavu, hana kitambaa. (Hakuvichukua tangu mwanzo. Sasa ndiyo nagundua.) Akawasalimu akina mama, akakaa juu ya gogo, akamuuliza Mama Sekela anajuaje visubi wanapokaribia. Mama Sekela akaeleza bila haraka. Siku moja kabla, samaki fulani wanapanda juu alfajiri. Na ndege weupe wanakaa kwenye miamba badala ya kuruka. Alisema mama yake ndiye aliyemfundisha. Profesa aliandika kurasa mbili. Mimi kwa yale maneno matamu nilipata mistari mitatu!

Tukakaribishwa chai. Ikaja na vitumbua vyeusi kwenye sahani. Bwana Viatu, aliyekuwa na njaa tangu asubuhi, akala kimoja, akala cha pili.

"Vitamu," akasema. "Vina nini ndani?"

"Visubi," Mama Sekela akajibu. "Wa jana."

Bwana Viatu aliacha kutafuna. Akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Halafu akameza, jamani. Akameza, akaomba cha tatu. Nilimheshimu.

Wakati wa kurudi niliangalia maji tu. Tulipokaribia Matema, Profesa akafunga daftari.

"Atupele. Mdudu ametoka jana, wewe ulisema leo. Umekosea siku moja. Hilo si baya, wapo wanaokosea mwezi. Lakini umesikia harufu ya moshi ukasema ni harufu ya visubi. Hilo ndilo baya. Unalijua?"

"Nalijua, Profesa."

"Na watu wanaojua unachokitafuta wamekaa ng'ambo ya pili tu, miaka miwili, hujawauliza."

"Ndiyo, Profesa."

"Liandike ombi upya. Muweke Mama Sekela na wenzake humo kama waangalizi, walipwe kama waangalizi. Lilete wiki ijayo. Siahidi chochote."

Bwana Viatu akaongeza, huku anavaa viatu vyake, "Na kwenye vifaa, punguza nyavu."

Nikashukuru. Ndaga fijo, nikasema, mpaka ikawa kero. Kisha nikamwendea Ambele, nikamuuliza kwa uchungu kwa nini hakuniambia kwamba leo ilikuwa siku ya kuchoma vyungu.

"Dada," akasema, "nilikwambia mara mbili. Mara ya kwanza ukasema washa, mara ya pili ukasema ongeza mwendo." Akanionyesha simu yake. "Ila nimekurekodi vizuri."

Tangu mchana video inazunguka kwenye makundi ya Matema, Ipinda mpaka Kyela mjini. Mama amenipigia kutoka Katumba Songwe. Hakusema hata mugonile. Alisema tu, "Tayari, Profesa, tunao!" akakata simu.

Kwa hiyo nawaomba: ikikufikia, usiifungue. Ukiifungua, usicheke. Na ukishindwa kabisa, basi cheka polepole, kumbuka ndani mle kuna mtumishi wa serikali amefungwa khanga.