Wakili Msomi na Utepe wa Bi Wahiba

Utepe ulikuwa mwekundu na mweupe, umezungushwa mara tatu kwenye mlango wa duka la halua, na Gaspar alipouona kutoka ng'ambo ya barabara njaa yake yote ya asubuhi ilimwisha. Wengine wakiona duka la mtu limefungwa husikitika. Gaspar alikaza tai, akavuta koti, akamshukuru Mungu asiyemtupa mja wake.

Koti lenyewe lilikuwa jeusi, na kabla ya kuhamia kwenye taaluma ya sheria lilikuwa la mhudumu wa hoteli moja huko Kunduchi. Elimu yake aliipata kwa miaka kumi na mmoja ya kutoa kopi kwenye stesheneri jirani na mahakama. Kila karatasi iliyopita mkononi aliisoma, ila kwa haraka ya wateja alipata mwanzo wa kesi hii na mwisho wa kesi ile, katikati akajazia mwenyewe. Mtu wa namna hiyo pale Kinondoni huitwa kishoka. Yeye alijiita wakili msomi, na kwa ukali wa sauti tu aliwahi kumfanya mgambo aombe radhi kwa kosa ambalo wote wawili hawakulijua.

Bi Wahiba binti Matar alikuwa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kama unataka halua, umechelewa. Bwana afya kanifungia tangu jana. Vyeti vya afya vya wasichana wangu vimepitwa na muda kwa siku nne. Siku nne tu! Anasema nikaonane naye Jumatatu."

"Pole sana. Na huko ndani?"

"Vikapu sitini vya halua." Bi Wahiba alielekeza boksi lake mlangoni. "Kesho mjukuu wangu Maisa anaolewa Kunduchi. Tangu enzi za marehemu baba, haijawahi kutokea harusi ya kwetu ikakosa halua ya kwetu. Nikainunue kwa jirani? Si afadhali nizikwe!"

Gaspar alipiga hesabu kimoyomoyo: bibi peke yake, bangili, harusi kesho, leo Ijumaa. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mama, umebahatika. Mie ni Wakili Msomi Gaspar, na kazi yangu ndiyo hii hii. Sheria ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha utawala: humo mna vibali, vyeti, faini na njoo kesho. Chumba cha pili ni cha jinai: humo mna pingu, na uji usio na sukari. Katikati pana mlango. Mawakili wengine wanakaaga chumba kimoja tu. Mie nakaa mlangoni."

"Bawabu," alisema Bi Wahiba kwa heshima.

"Tuseme hivyo. Sasa wewe uko chumba cha kwanza. Lakini ukiukata huo utepe, mama, umehama! Papo hapo! Miezi sita ndani."

"Astaghfirullahi! Mie na umri huu?"

"Jinai haiulizi umri."

Bi Wahiba alijipepea kwa kasi mpya. Macho yake, ambayo kwa miaka arobaini yalikuwa yakipima nusu kilo bila mizani, yalianza kumpima wakili kuanzia viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kamba ya kahawia, cha kulia nyeusi.

"Basi nisaidie, mwanangu. Ila pesa taslimu sina. Nilichonacho ni dhahabu ya marehemu mama. Nayo iko humo humo ndani, kwenye kijaluba, chini ya kaunta."

Ndani. Gaspar aliutazama ule utepe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akahisi uonevu wa serikali.

"Funguo za mlango ninazo," Bi Wahiba aliendelea kwa unyonge. "Ni huo utepe tu. Mie nikikata ni jinai?"

"Jinai tupu."

"Na wasichana wangu?"

"Jinai ya kikundi. Mbaya zaidi."

"Na wakili je, akikata?"

Hapo inafaa tunyamaze kidogo kwa heshima, maana mtu alikuwa anatunga sheria. Mabunge huchukua miezi. Gaspar alichukua muda wa kumeza mate.

"Wakili akikata, mama, hiyo siyo kukata. Ni utekelezaji. Wakili ana kinga."

"Kinga!" Bi Wahiba aliweka mkono kifuani. "Kumbe dunia ina mambo. Basi niandikie, baba. Mie kichwa kimezeeka, bwana afya akiniuliza nitasahau hata jina lako."

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo na kuaga. Lakini Gaspar alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda kuandika. Alitoa karatasi mkobani, akaiweka gotini, akatiririka: Mimi, Wakili Msomi Gaspar Damas, kwa mamlaka niliyonayo, naamuru utepe huu ukatwe, na nitaukata kwa mkono wangu mwenyewe, na mmiliki wa duka asihusishwe kwa namna yoyote ile. Akapiga muhuri aliouchongesha mtaani. Akaupuliza ukauke.

"Maandishi mazuri kama kanzu ya Idi," alisema Bi Wahiba. "Na namba ya kitambulisho cha taifa, mwanangu? Nasikia siku hizi karatasi bila namba ni sawa na chapati bila chumvi."

Aliandika namba. Tena aliandika ya kweli, kwa sababu namba ya uongo huwa ngumu kukumbuka.

Bi Wahiba alipiga kofi moja. Msichana wa jikoni, Mauwa, akatokea uani na sinia lililotandikwa kitambaa cha kufuma, juu yake mkasi. Majirani walisogea. Bodaboda watatu walizima pikipiki zao, wakatoa simu kupiga picha. Gaspar alipoona kamera alishindwa kujizuia: alinyanyua mkasi, akageuka kushoto, akageuka kulia, akatabasamu, akakata. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele, hajui cha nini.

Kabla kigelegele hakijaisha, kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imeshageuzwa nyuma mlangoni. Ilitoka wapi, Gaspar hakuiona. Wasichana wanne walipanga foleni, vikapu vikapita mkono kwa mkono, na kwa muda ambao wewe ungemenya chungwa moja, vyote sitini vilikuwa njiani kwenda Kunduchi.

"Wakili hakosi ujira wake," alisema Bi Wahiba, akampa kijaluba cha fedha, kizito, kimefungwa. "Ufunguo wake anao mwanangu Usama, yuko huko harusini. Jumatatu baada ya kuonana na bwana afya, njoo uuchukue."

"Mama, mie nakuamini," alisema Gaspar, ambaye hamwamini hata mama yake mzazi, na dakika kumi baadaye alikuwa kwa fundi kufuli.

Fundi alirudi kutoka swala ya Ijumaa saa mbili baadaye, akachokonoa mara mbili, kifuniko kikaruka. Ndani mlikuwa na majani ya tambuu, popoo nusu, na kikopo cha chokaa. Uzito wote ulikuwa wa jiwe la kupondea popoo.

"Hiki cha bibi yako?" aliuliza fundi.

Gaspar damu ilimpanda. Miaka yote hii ya kazi hakuwahi kuona unyama wa namna hii! Mtu mzima, mcha Mungu, anamdanganya wakili! Na ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa kazi yake tu awezaye kulifanya: alishajiita wakili kwa muda mrefu mno hata akasadiki. Mwizi wa kawaida angeenda kulia kwao. Wakili msomi alikwenda polisi.

"Afande, nimetapeliwa!" alinguruma kaunta, akibwaga kijaluba. "Nataka kufungua jalada."

Afande Tupokigwe, mwanamke mpana, mtulivu, alikuwa anakunywa chai. Alivuta daftari. "Jina?"

"Wakili Msomi Gaspar Damas."

Kikombe kilisimama hewani. Afande alikishusha taratibu, akafungua droo, akatoa karatasi. "Mwandiko huu wako?"

"Wangu, na muhuri wangu," alisema Gaspar kwa fahari. Kisha akaitambua karatasi, na ile fahari ikamshuka kama suruali isiyo na mkanda.

"Mama Wahiba kaileta mwenyewe, na video, na bwana afya pamoja naye. Utepe mpya umeshafungwa, na mama kaahidi Jumatatu atalipa faini yake ya vyeti kama raia mwema. Wewe ndio tulikuwa tunajiuliza tukutafutie wapi. Tulikuwa tumeanzia stendi ya Mbezi Luis, tukijua umekimbia." Alichukua kalamu. "Sasa nisaidie kujaza hapa. Kazi?"

Gaspar alikaza tai.

"Fikiria vizuri, braza," alisema afande kwa upole. "Ukisema wakili, napiga simu moja tu kuwauliza chama cha mawakili kama wanakufahamu, na muhuri huo nauweka mezani. Ukisema siyo wakili, basi umevunja amri ya bwana afya, ukafungua duka la watu, ukaondoka na kijaluba cha mama wa watu. Hiki hapa."

Vyumba viwili, na vyote vina pingu. Ulimi ambao haukuwahi kumwangusha ulitafuta huku na huku mdomoni kama mbuzi aliyefungiwa jikoni. Askari wengine wawili walikuwa wameshaacha kazi zao, wanasubiri.

"Afande," alisema hatimaye, akijiweka sawa koti, "mie nililetewa mkasi kwenye sinia. Nikakata utepe, watu wakapiga makofi. Andika mgeni rasmi."

Afande Tupokigwe aliandika, herufi baada ya herufi, bila kucheka. Akafunika kalamu, akatoa kitita cha funguo kiunoni, akamfungulia mlango wa mahabusu.

"Karibu meza kuu, mheshimiwa."