Marufuku Kuchota Burudani

Wananchi wote wa mji wetu, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia mwaka huo wataburudika, wapende wasipende. Halmashauri ilikuwa imeazimia kujenga Jengo Changamani la Huduma na Burudani kwa Jamii, lenye ofisi, ukumbi na bwawa la kuogelea. Kwamba maji ya kunywa yenyewe tunayanunua kwa ndoo, hilo lilikuwa suala la idara nyingine.

Msimamizi alikuwa Bwana Gervas, Afisa Mipango, mzaliwa wa Mkomaindo kule Masasi. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: hamu ya kuhamishiwa Dodoma. Mkubwa mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba jengo likizinduliwa salama, atahama. Tangu siku hiyo Gervas alilipenda jengo lile kama mtoto wa kwanza.

Kamati ikaundwa. Mwongozo ulitaka mwanamke mmoja na mfanyabiashara mmoja, akateuliwa Bibiana, yaani Mama Anjelina, muuza ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, wa pale stendi, kwa kuwa alikuwa vyote viwili na angetumia kiti kimoja.

Kamati ilijadili rangi ya kuta mpaka mvua zikapita na nyingine zikaja. Rangi haikupatikana, na ukuta usiojulikana rangi haujengeki kitaalamu. Basi kwa busara kubwa kuta ziliahirishwa. Likasimamishwa paa juu ya nguzo, na pembeni likachimbwa bwawa, maana shimo halina mjadala mrefu.

"Shikamoo, Mama Anjelina," Gervas alimsalimu Bibiana kwenye kikao. "Una hoja?"

"Marahaba, baba. Hilo bwawa kavu, watu wataogelea nini?"

"Tutaanza na kuogelea kwa nadharia, mama. Maji ni awamu ya pili."

"Si muweke gata kwenye paa, literemshe maji ya mvua bwawani?"

Gervas alimwonea huruma. Ili asimvunje moyo, aliidhinisha gata chini ya kifungu cha mapambo.

Januari mvua ilimwagika wiki nzima na bwawa likajaa pomoni. Gervas, kwa furaha, akatundika kibao: MARUFUKU KUCHOTA BURUDANI. Asubuhi ya uzinduzi alikuta foleni ya ndoo imefika stendi. Mama Anjelina alikuwa mbele kabisa, sinia lake la ming'oko limebaki maganda matupu.

 Gervas aliiona Dodoma ikimponyoka.

"Hayo si maji!" alifoka. "Hayo ni burudani!"

"Haya baba, nitilie burudani ndoo mbili, nikapike ugali."

Papo hapo gari la mgeni rasmi likaingia. Mheshimiwa akashuka, akalitazama paa lisilo na kuta, akaitazama foleni. Gervas akafumba macho.

"Nimezunguka sana," alisema mgeni rasmi. "Sijaona ofisi ambayo mwananchi anaingia bila kupiga hodi, na anatoka na alichokifuata. Hili wazo la nani?"

Mdomo wa Gervas ulimtangulia mwenyewe. "Langu, mheshimiwa. Kuta niliziondoa makusudi, kwa ajili ya uwazi."

"Na maji?"

"Na maji ni yangu."

Mama Anjelina alimtazama, akakohoa kidogo, akaendelea kuchota.

Mgeni rasmi akamkumbatia Gervas, kisha akashika kipaza sauti. "Mtu wa namna hii hahamishwi! Natamka mbele yenu: atabaki hapa hapa mpaka kila mtaa upate jengo kama hili!"

Vigelegele vikalipuka. Gervas naye alipiga makofi huku machozi yakimtoka, watu wakasema kweli huyu anaipenda kazi yake.

Jioni bomba la nyumba yake ya serikali lilikuwa kavu kama kawaida. Akachukua ndoo, akaenda moja kwa moja mbele ya foleni, kama inavyompasa mwenye wazo. Mama Anjelina, aliyerudi kwa safari nyingine, akaishika ile ndoo kwa upole.

"Karibu nyumbani, baba," alisema. "Foleni inaanzia kule stendi."