Pampu Mbili na Daftari Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nina hasira. Miaka kumi na tisa najidunga sindano za insulini bila kumsumbua mtu, leo muuguzi wa kliniki ya kisukari ananiambia pampu haipewi mtu hivi hivi. Kanipa mbili za majaribio, ndani yake maji ya chumvi tu. Moja ina mrija, inaning'inia kiunoni. Nyingine inabandikwa mkononi. Wiki nzima nizivae kwa zamu, niendelee na sindano zangu, nipime sukari mara nne kwa siku na kuandika kila kitu kwenye daftari. Jumatatu ijayo nirudi kuchagua. Daftari! Mimi fundi cherehani, si karani.

Lakini pampu ninaihitaji. Mwezi uliopita sukari ilinishuka kazini, nikaunga mkono wa koti na mguu wa suruali. Msimamizi kasema nikizidiwa tena nahamishiwa kushona vifungo. Vifungo, mimi niliyeshona makoti ya mahakimu!

Na Rula pampu anayo tayari. Ndiye mkata vitambaa wetu, ana kisukari kama mimi, na rula yake haimtoki mkononi hata akienda chooni. Leo kanishauri, bila kuombwa, nipitishe mrija ndani ya shati. Nimemwambia ashughulike na vitambaa vyake.

Jumanne, 5 Machi

Nimepitisha mrija nje ya shati. Kitasa cha mlango wa stoo kimeunasa. Mimi nikaenda mbele, mrija ukabaki nyuma. Niliyokiambia kitasa siyaandiki hapa. Rula aliona yote na hakucheka. Dharau gani hii?

Jioni nimefunga mrija wa akiba, kisha nimeshona mfuko wa siri ndani ya kiuno cha suruali. Mshono pande zote nne, pampu isichomoke. Kazi safi. Rula hawezi hata kuiota.

Jumatano, 6 Machi

Pampu imelia katikati ya kikao cha asubuhi. Ikalia tena. Kuizima ni kubonyeza kitufe, na kitufe nimekishonea ndani. Msimamizi kauliza simu ya nani hiyo. Nimekohoa. Imelia kwa nguvu zaidi. Nimeishia nyuma ya marobota ya vitambaa, suruali magotini, nafumua mshono wangu mwenyewe kwa wembe. Wembe kanipa nani? Rula.

Nimechoka. Vidole bado vinauma kwa kutobolewa Jumatatu. Mke wangu kauliza mbona tangu jana hanioni nikipima. Nimemjibu kwamba mwili wangu naujua mimi. Kisha nimekaa mezani na kumaliza hii kero moja kwa moja: daftari lote limejazwa, mpaka Jumapili usiku! 6.1, 6.3, 6.1, 6.2. Kwenye maelezo: "Najisikia vizuri sana." Sijui kwa nini wengine wanalalamika kwamba kazi hii inachosha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimevaa ile ya kubandika. Robota la kitambaa limeipiga dafrau kabla ya saa tatu. Imeng'oka na nywele za mkono.

Saa nne nilikuwa nashona kola. Kola ikawa mbili. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikadhani ni hasira tu, maana wiki hii sina kingine. Kilichofuata ni sakafu. Juu yangu Rula, kapiga magoti, kashika chupa ya sharubati aliyoitoa kwenye droo yake. Nimejaribu kumwambia aondoke.

"Meza kwanza," alisema. "Utanitukana baadaye."

Nimemeza. Kanipima kwa kipimo chake: 2.6, chini mno. Kisha kanifuta jasho kwa leso yake. Sitamsamehe.

Msimamizi kampigia simu mke wangu, kisha kliniki. Kliniki wamesema nisisubiri Jumatatu. Niende kesho, na daftari langu. Sawa. Daftari liko tayari.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeingia kliniki kifua mbele, mke wangu kando yangu. Nimemwekea muuguzi daftari mezani na kumwambia nimechagua ya kubandika, kwa sababu Rula anayo ya mrija.

Kasoma pole pole. Kafika Alhamisi, saa nne asubuhi: 6.1, najisikia vizuri sana. Kanitazama. Kafungua ukurasa unaofuata. Katabasamu kidogo, na hapo ndipo nilipokumbuka leo ni siku gani.

"Jumapili ulikula nini, kaka?"

Nimesema bado sijaamua.

Kafunga daftari. Hakupandisha sauti, na ndicho kilichoniudhi. "Pampu itaamini kila utakachoiambia," alisema. "Ukiiambia uongo, itakupa dawa ya uongo huo, na utakufa. Siwezi kukupa."

Kanipa daftari jipya. Wiki mbili, tangu mwanzo.

Mke wangu kanitangulia mpaka mlangoni kwetu. Kashika ufunguo, hafungui. Kaniambia jana simu ilipoita, akasikia sauti ya msimamizi, alianza kutafuta kanga ya kwenda kunililia. Kisha kafungua mlango, kaingia jikoni. Nimesimama pale nje muda mrefu. Niliona aibu. Naiandika maana ni kweli.

Lakini muuguzi naye, kwa nini alifungua ukurasa unaofuata?

Jumamosi, 9 Machi

Vifungo. Mia mbili na arobaini. Rula kapita, kaweka chupa ya sharubati kwenye droo yangu, kaenda zake. Nimeihamishia droo ya chini.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu kaniapisha. Nimeapa kwa moyo wote: safari hii hakuna mchezo. Makosa yangu nimeyaona. Tarakimu zilifanana mno, na wino ulikuwa mmoja. Sasa nina kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, na hapa na pale natia 8.4, hata 3.9 moja, ionekane nimehangaika.

Daftari jipya nimelianza leo baada ya chakula cha mchana. Naendelea vizuri sana. Nimeshafika Alhamisi.