Malalamiko Dhidi ya Mfuko Mwekundu wa Binti Yako

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba barua hii imekukuta umekaa, kwa sababu ni ndefu kidogo na ina namba.

YAH: MFUKO WA HUDUMA YA KWANZA ANAOUVAA BINTI YAKO KIUNONI KILA SIKU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkweo wa mwaka wa kumi na moja, kinyozi mwenye viti viwili na kioo kimoja kirefu, na katika miaka kumi na tisa ya kushika wembe sijawahi kumtoa mtu damu. Jina la Mkono Mwepesi nilipewa na wateja, sikujiita. Nayasema haya si kwa kujisifu bali ili uelewe ukubwa wa hasara.

Kama unavyojua, miezi minane iliyopita kiwanda cha sufuria anakofanya kazi binti yako kiliwapeleka watu kadhaa kwenye mafunzo ya siku mbili ya kuokoa majeruhi. Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alirudi na cheti, pamoja na mfuko mwekundu wenye ukubwa wa nusu mkate, ambao tangu siku hiyo hautoki kiunoni mwake isipokuwa anapooga, na hata hapo huning'inia kwenye msumari wa mlango wa bafu. Kwa maelezo yake mwenyewe ndani mna glavu, shashi, bandeji ya kubana, mkasi butu, mkanda wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu, na kalamu ya wino mzito. Mimi sijaufungua, na nimeapa sitaufungua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfuko unanichafulia jina. Binti yako akitoka kazini hupita kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akanisubiri tufunge pamoja. Zamani niliipenda sana saa hiyo. Sasa mteja anaingia, anaona wembe, anaona mke wa mwenye wembe, anaona mfuko wenye msalaba mweupe, anajumlisha mwenyewe. Mwalimu mkuu, ambaye nimemnyoa ndevu tangu zikiwa nyeusi, aliniomba nimpunguzie kwa mkasi tu. Fundi cherehani wa jirani alikaa, akautazama mfuko, akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme. Pasi yake ni ya mkaa.

2. Mazoezi hufanyiwa juu yangu. Asubuhi moja nikiwa nakunywa chai alinikaza mkono wa kulia kwa ule mkanda, akatazama saa, akaniandika 1:40 kwenye paji la uso. Alieleza kwamba daktari atakayenipokea lazima ajue mkanda ulifungwa saa ngapi. Mkanda aliufungua, maandishi tukayasahau. Nilisimama mbele ya kioo siku nzima bila kujiona, maana kinyozi hutazama kichwa cha mwenzake. Mteja wa kwanza alisoma, akaomba radhi kwa kuchelewa. Wa tatu aliuliza kama na yeye ataandikiwa.

3. Amegusa nguo zangu. Kola za mashati yangu sita zina herufi ya kundi langu la damu, kwa wino usiotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Moja kati ya hayo ni shati nililofungia ndoa.

4. Harusi ya shemeji. Ulikuwepo, ulijionea. Aliuvaa juu ya gauni. Ilipofika saa ya keki alisogeza kiti mbele, akavaa glavu moja. Bibi harusi akasita na kisu hewani, bwana harusi akaficha vidole mfukoni. Katika picha zote za familia mfuko uko katikati, na katika tatu umetoka vizuri kuliko mimi.

5. Mfuko wenyewe hauna kazi. Katika miezi minane hajapatikana hata mtu mmoja wa kuumia ipasavyo. Nimefuatilia mwenyewe. Watoto wa mtaani kwetu walizoea kuruka ukuta wa shule. Siku hizi wakimwona binti yako amesimama chini anawatazama, wanateremka mmoja mmoja kwa mpangilio. Fundi wa paa amenunua kamba. Muuza nyama anakata taratibu. Nilipomwambia kwamba mfuko usiomtibu mtu ni mzigo tu, alijibu kwamba anaomba uendelee kuwa mzigo. Nakuuliza kama mtu mzima, hayo ni majibu? Nikampa nafasi: kama ndani ya miezi mitatu mtu yeyote angejeruhiwa vya kutosha, mimi nikiwa shahidi, ningefunga mdomo wangu. Nilifika hatua ya kumtaja yule fundi bomba anayejifanya anajua kila kitu. Alikataa hata kujadili.

6. Alhamisi iliyopita maji yalinifika shingoni. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sasa naona ilikuwa kubwa kuliko chumba, achague: mfuko au mimi. Akauvua, akautundika juu ya koti langu la kazi, nami nikajua nimeshinda. Kisha akachukua sanduku la nguo. Alisema mfuko unabaki kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda na nyembe, na kwamba yeye anachukua likizo kwenda kwenu kupumzisha masikio. Kwa hiyo, Baba Mkwe, niliomba kitoke kitu kimoja, kikatoka kingine. Nyumba ina mfuko na haina mtu. Jioni benchi la wateja liko tupu, na nimegundua kwamba siwezi kufunga kibanda peke yangu. Lile komeo la juu linataka watu wawili.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba (a) uupokee mfuko huu, ninaoutuma ndani ya katoni pamoja na barua kwa dereva wa lori la sufuria anayepita kwenu kila Jumanne; (b) umrudishe binti yako kwa lori hilohilo; na (c) kabla hajapanda, apekuliwe.

Nisalimie Mama Mkwe, shemeji na bibi harusi wake, hata yule jirani yenu mwenye redio. Na binti yako pia msalimie, kwa kiasi, asije akadhani nimelegea.

Wako kwa heshima na uchungu,

Mkweo, Mkono Mwepesi

NYONGEZA: Katoni haitakuja. Nilikuwa naikata kwa wembe ili ilingane na mfuko, macho yakiwa mlangoni kama kawaida yangu siku hizi, wembe ukazama kwenye kiganja cha kushoto. Ni damu ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na ilikuwa nyingi. Niliogopa, Baba. Mfuko niliufungua kwa meno. Juu kabisa palikuwa na kadi yenye mwandiko wa binti yako, ya siku nyingi, pembe zimeshajikunja: "Mkono Mwepesi, ukiona unasoma hii ujue sipo karibu. Usiogope. Kaa chini. Weka shashi juu ya jeraha, bonyeza kwa nguvu, usichungulie kila mara. Nakuja."

Nilikaa chini, nikabonyeza, sikuchungulia. Muuguzi aliyenishona nyuzi nne alisema shashi iliwekwa vizuri. Mkanda haukuhitajika, lakini kalamu ilikuwepo, nikajiandikia saa kwenye paji la uso kwa kujitazama kwenye kioo, ndiyo maana imetoka kinyume. Sijaifuta. Barua nimeituma hivyohivyo kwa kuwa nilishaihangaikia, ila namba 1 hadi 6 nakuomba uzikate kwa kalamu, isipokuwa ile ya shati la ndoa.

Mwambie binti yako mfuko nimeuvaa na shashi zimepungua mbili. Mwambie pia kwamba kadi inasema anakuja, na mimi bado nimekaa chini, kwenye benchi la wateja.