Ndugu wa Ziwa

Jumatatu, 6 Julai 1959. Konde

Barua imefika! Jirani yangu Bi Fakhriya kaletewa na mwanawe Thuwein, aliyeko Uswisi anajifunza kutengeneza saa. Mwaka wa nne huu hajamtia machoni. Na tiketi mbili ndani: moja ya mama, moja ya maharimu wake, maana mwanamke wa heshima zake hendi safari ile bila ya mwanamume asiyeweza kumuoa. Atakwenda na kaka yake, Mzee Marhoun. Meli mpaka Italia, halafu treni inayopita tumboni mwa mlima, halafu mji ulio kando ya ziwa. Huko watu huzunguka kijiji hata kijiji kwa vimeli vidogo, na mlimani hupanda ndani ya kisanduku kinachoning'inia kwenye waya.

Baraza zima likasogea karibu kusikiliza. Nikasema hayo kwangu si mageni, mimi dunia nimeizunguka. Mabruki mshonaji, hasidi wangu, akauliza dunia hiyo baada ya Tanga inaendelea wapi. Kweli nilifika Tanga tu. Lakini meli ilikuwa inakwenda mbele. Mimi ndiye niliyeshuka.

Jumanne, 7 Julai

Darasa la safari, uani kwa Bi Fakhriya. Nimefunga kamba toka mshelisheli mpaka dirisha la ghala, nikatundika pakacha kubwa, nikamtia Mzee Marhoun. Kapanda vizuri sana! Kushuka ndiko kulikokuwa na haraka.

Kaangukia biwi la makumbi ya nazi. Hakuumia ila heshima. Kaapa kuwa nchi wanayotundika watu kama papa mkavu yeye hendi, hata aitwe na mfalme.

Bi Fakhriya hakunigombeza. Kaingia ndani, kafunga mlango. Bora angenitukana. Jina la maharimu lazima lipigiwe simu ya upepo kutoka Wete Jumamosi, la sivyo tiketi zinarudi. Mjane, hana baba, hana kaka mwengine. Na aliyefunga kamba ni mimi.

Jumatano, 8 Julai

Wazo! Tangu utoto naambiwa: Pandu, weye umekuzwa kwa maziwa ya nyumba ile. Marehemu mama aliugua nilipozaliwa. Basi nilinyonya kwa Bi Shariffa, mamake Bi Fakhriya! Mimi nduguye wa ziwa! Na ndugu wa ziwa ni maharimu sawa na wa damu. Safari ni yangu!

Mbio kwa Shehe Khatib. Nikamwambia, Shehe, mimi ni ndugu wa ziwa. Akauliza, ziwa la nani? Nikajibu upesi: la Uswisi.

Shehe akataka shahidi.

Alhamisi, 9 Julai

Wingwi, kumfuata Bi Mwatum, mkunga aliyenizalisha. Lori nusu ya njia, miguu nusu. Nikamuuliza, Bi, mimi nilikunywa maziwa ya kwa Bi Shariffa? Akasema, ulikunywa sana, mwanangu, ulikuwa mlafi, tena yale maziwa… Nikamkatiza hapo hapo. Yatosha! Nikampandisha punda.

Nimepita kwa Bi Fakhriya kumwambia afungashe. Kafungua mlango.

Ijumaa, 10 Julai

Baada ya sala, watu tele. Bi Mwatum kasema naam, kanywa miezi mitano. Nikamkonyeza Mabruki. Shehe akauliza kama alimwona kwa macho yake Bi Shariffa akininyonyesha. Bi Mwatum akashangaa. Nani kasema Bi Shariffa? Ya mbuzi wao, yule mweupe, mwenye pembe moja!

Konde nzima chini kwa kicheko. Shehe akasema mbuzi hajengi udugu. Mabruki akaniuliza lini nitakwenda kuwaamkia shangazi zangu zizini.

Bi Mwatum akainua mkongojo. Na weye Mabruki usicheke! Aliyenyonya kwa Bi Shariffa ni weye. Mamako ziwa lilimkauka. Bi Shariffa akakupakata weye kulia, Fakhriya kushoto, hata mkahamia Mtambwe. Mzee Marhoun akaruka: kumbe ndiye yule mtoto! Wazee watatu wakakumbuka. Shehe akapitisha.

Mabruki! Mtu anayeona kizunguzungu akichungulia kisima! Alibadilika rangi.

Bi Fakhriya akacheka na kulia pamoja. Akaniambia, Pandu, bila ya weye kwenda Wingwi nisingemwona mwanangu. Kwa maneno yale, hata mbuzi nimemsamehe.

Jumapili, 12 Julai

Simu ilikwenda jana. Nimemwandikia Mabruki mafunzo ya kutembea huko. Ziwani maji hayana chumvi, achukue yake. Kakubali kila kitu. Hofu inafundisha adabu.

Jumatano, 15 Julai

Wameondoka. Lakini jana nilipiga hesabu: kama mimi si nduguye, basi Bi Fakhriya ni halali yangu! Nimeandika posa, kurasa nne, nikaitia gundi, nikampa Mabruki. Ndiye nduguye, nani mwengine? Nimemwapisha asiifungue, ampe wakiwa ndani ya kisanduku cha waya, juu ya ziwa, pahala ambapo mwanamke hawezi kuondoka kwa hasira.

Lori lilipofika kona ya soko nikamwona Mabruki kasimama juu ya mizigo, kurasa nne mkononi, midomo inamwenda, abiria wamejishika mbavu. Bila shaka anawasomea mafunzo yangu. Bi Fakhriya kajifunika buibui, mabega yanamtetemeka. Maskini, machozi ya kuniaga.

Nimeanza kupaka chokaa chumba cha pili.