Tairi Zenye Kitambi

Jumatatu, 4 Machi
Meneja katangaza mashindano. Trekta mbili, plau za aina moja, shamba moja. Trekta ya dereva mwenzangu, Mashauzi, imevishwa tairi za aina mpya, ziitwazo radiali. Yangu imebaki na zilezile za zamani, zenye nyuzi zilizopishana mshazari, tabaka juu ya tabaka. Itakayolima zaidi kwa dizeli kidogo, tairi za aina yake ndizo zitakazonunuliwa, na dereva wake atapata kazi ya kudumu na likizo ya kwenda kwao. Miaka miwili sijaona wanangu! Nimeshampigia simu mke wangu kwamba nakuja. Ya nini kungoja matokeo wakati akili ninayo?

Jumanne, 5 Machi
Nimezikagua radiali. Aibu! Mbavu zimebonyea, zimetoa kitambi kama cha meneja. Zangu zimesimama kama askari. Fundi akanieleza kuwa radiali ubavu wake ni laini makusudi, ilale chini na kuushika udongo kwa upana. Nikaitikia kwa adabu. Mtu anayekula kwa kuziba pancha lazima azisifu tairi. Hata Mashauzi hakumwamini; kazijaza upepo mpaka kitambi kikaisha. Kisha akaniambia, "Mzee, katafute jembe la mkono." Mzee! Kanizidi mimi miezi mitatu.

Jumatano, 6 Machi
Mpango umekamilika. Wenzangu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nimezipunguza upepo tairi za Mashauzi. Kidogo tu, asishtuke. Kitambi kikarudi. Zangu nikazijaza zikawa jiwe. Kesho anakwama. Nimefunga begi.

Alhamisi, 7 Machi
Sitaki kuongea.
Trekta yangu ilirukaruka kama mbuzi, magurudumu yakizunguka palepale na kuchimba mashimo. Mashauzi alipita kama anayepiga pasi. Mara nne kanipungia mkono. Meneja akapima upepo wa tairi zake, akashangaa: kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye kitabu cha tairi! Akamuuliza kajifunzia wapi. Mashauzi, ambaye kitabu hukitumia kuulia mbu, akajibu kuwa ni uzoefu.
Uzoefu! Uvumilivu ukanishinda. Nikapaza sauti mbele ya wote kwamba upepo ule nilitoa mimi.
Meneja akaniuliza, kwa upole kabisa, nilikuwa natafuta nini kwenye trekta ya mwenzangu. Swali zuri.

Ijumaa, 8 Machi
Nimehamishiwa kikosi cha palizi. Mashauzi kaenda kwao na begi langu. Kaliazima mbele ya watu, ningekataaje? Mke wangu kapiga, anauliza nitafika saa ngapi. Nimemwambia barabara ina matope.
Lakini kumbe! Msimamizi anasema atakayepalilia mistari mingi zaidi kufikia Jumanne naye atapewa likizo. Wa kuogopwa ni mmoja, Dada Kasi. Nimeona mpini wa jembe lake umelegea, unachezacheza. Jioni nimelitumbukiza jembe lake kwenye pipa la maji. Mpini ulainike kabisa.

Jumamosi, 9 Machi
Dada Kasi kapalilia mistari kumi na minne. Anasema mpini umevimba, umekaza, jembe limekuwa kama jipya. Mimi mitano.
Kosa nimeshaligundua. Maji yalikuwa machache. Leo pipa nimelijaza mpaka juu, na jembe lake limo ndani.